Nilipiga filimbi ya mazoezi kando ya mto, kijiji kizima kikatoka kutafuta ng'ombe

Wakuu, habari za Jumapili.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari kuhakikisha sijipendelei. Kwa hiyo anayetafuta chai, hadithi za kutunga, aende uzi wa jirani.

Mimi ni mkazi wa Buzuruga, hapa Mwanza, umri arobaini na mbili, nauza vifaa vya ujenzi. Kazi yangu kubwa ni kukaa. Nakaa dukani, nikifunga narudi nyumbani nakaa. Kitambi nilikuwa nacho cha heshima, kile ambacho watu wasiokujua wanakuita bosi.

Mapema mwaka huu nikaenda zahanati kwa ajili ya kichwa kuuma. Daktari akanipima presha. Akapima tena. Halafu akaenda kuleta mashine nyingine.

Mkiona daktari anabadilisha mashine, jueni mambo siyo.

Akaniambia, "Nakupa miezi mitatu. Punguza chumvi, fanya mazoezi. Ukirudi hali iko hivi hivi, unaanza dawa, na hizo ni za maisha."

Niseme ukweli, niliogopa sana. Baba yangu alikuwa na presha, dawa anameza siku kichwa kikiuma tu. Alianguka bafuni nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye niliyevunja mlango. Nina watoto watatu. Sikutaka hata mmoja wao avunje mlango.

Ndipo nikapata sehemu ya kukimbilia.

Ukipita Mkolani, mbele kidogo, kuna eneo la mapumziko kando ya mto unaoingia ziwani. Mbele kuna vibanda, samaki wa kukaanga, na maharusi wa kupiga picha. Nyuma wamechonga njia za kukimbilia, mawe yamepakwa chokaa. Ile ndefu inafuata mto, inazunguka miamba, inapita pembeni ya malisho na mashamba ya kijiji cha jirani, halafu inarudi ulikoanzia. Hakuna bodaboda, hakuna anayekujua. Kwa mwenye kitambi hilo la pili ni muhimu.

Wiki za kwanza nilikuwa natembea tu na kujidanganya. Halafu nikasoma mtandaoni kwamba dawa ni kukimbia kwa vipindi: dakika moja mbio kali, dakika mbili unatembea. Jamaa wa kwenye video alikuwa na kocha mwenye filimbi. Mimi kocha sina, nikanunua filimbi. Ile ya chuma ya refa, yenye gololi ndani, inayolia mpaka fizi zinawasha.

Wasukuma mliomo humu mmeshaanza kucheka. Subirini kidogo.

Mimi ni Mjita, nimehamia Mwanza ukubwani, mambo ya sungusungu nilikuwa nayasikia kwa mbali. Kwa wasiojua, hao ni walinzi wa jadi wa vijijini, na wanaitana kwa filimbi. Ukiisikia unaacha jembe, unaacha ugali, unabeba fimbo unakimbilia inakolia. Asiyeitika anatozwa faini, au anatengwa kabisa, hata salamu hapewi.

Na wiki hiyo kijiji kile kilikuwa kimeibiwa ng'ombe.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Niko na bukta, simu mkononi inahesabu. Nikapiga filimbi mara tatu kujipa mori, nikachomoka.

Dakika ikaisha, nikapiga, nikatembea. Nikapiga tena, nikachomoka.

Kipindi cha tatu nikasikia vishindo nyuma. Kugeuka, naona wanaume watano, kila mmoja na fimbo yake, wanakuja kwa kasi.

Wakuu, nilidhani ni klabu ya jogging. Nikawapungia mkono. Na wao wakanipungia fimbo.

Hapo ndipo nikaona mmoja amevaa gambuti, na mwingine yuko kifua wazi na povu la sabuni kichwani. Nikajua hawa wananitafuta mimi. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye filimbi angefanya.

Nikapiga kuomba msaada.

Nilipiga bila kupumzika, na kadiri ninavyopiga ndivyo wanavyoongezeka. Wengine wanatokea kwenye mihogo, wengine nyuma ya miamba, akina mama wanapiga yowe. Nilikimbia siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Simu ikalia kengele ya pongezi kwamba nimevunja rekodi yangu.

Nilipofika mtoni, pale njia inapokata kona, miguu ikagoma. Nikashika magoti, nikafumba macho, nikasubiri fimbo ya kwanza.

Fimbo haikuja. Mtu akanishika bega kwa huruma kabisa, akaniita kwa Kisukuma kama mwenzake.

"Pole sana, nkoyi. Wameelekea wapi?"

Kumbe walidhani mimi ndiye niliyeibiwa na nawafukuza wezi. Muda wote ule walikuwa wananisindikiza.

Pumzi ya kujibu sina. Nikainua mkono kuomba dakika moja nijieleze. Bahati mbaya mkono ukaelekea ng'ambo ya mto.

"Wamevuka!"

Wanaume kama ishirini wakaingia majini na nguo zao, maji kifuani, fimbo juu. Pumzi yangu ilirudi wakati wa mwisho wao anapanda ukingo wa pili.

"Hakuna ng'ombe," nikawaambia waliobaki upande wangu.

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya mwili."

Yule wa povu la sabuni, na povu lenyewe limeshakauka, akanitazama kuanzia viatu mpaka bukta. "Yaani umekimbia hivyo wakati hujaibiwa kitu?"

Na mimi nikaitazama bukta yangu.

Wakanikalisha chini kumsubiri kamanda wao, Mzee Masalu, mtu wa miaka sitini hivi. Alifika wa mwisho kabisa, anasukuma baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akainua kidole tu. Akakaa juu ya jiwe, mkono kifuani, jasho linamtoka, hasemi neno. Akakaa hivyo muda mrefu na watu wote wanamsubiri. Nikasema moyoni, huyu sasa ndiye mwenye mamlaka.

Kesi ikaanza. Kwao, aliyeita watu bila sababu anawalisha. Kwenye gari nilikuwa na ndizi sita, tena moja imeoza. Wengine wakataka mbuzi. Wale waliotoka kulowa wakataka nisikanyage tena njia ile inayopita kwao.

Hilo la njia ndilo lililoniuma. Zilikuwa zimebaki wiki tano nirudi kwa daktari. Nikasimama nikawaeleza yote, presha, baba, mlango wa bafuni. Akina mama waliokuwa wananong'ona wakasogea karibu.

Kamanda akaniuliza, "Huo ugonjwa unausikiaje mwilini?"

"Kichwa kinagonga kisogoni, mzee. Nikipanda kilima kidogo tu, pumzi inakata."

Akaitikia kwa kichwa, akawa anaangalia mto.

Hukumu ikatoka. Nitoe mbuzi. Filimbi inabaki kwake. Na mpaka siku ya kliniki nitakuwa tarishi wa kijiji: taarifa za mikutano, misiba na chanjo ya mifugo nazipeleka mimi, kila Jumamosi na Jumapili, kwa miguu.

"Si unapenda kukimbia?" akasema. "Basi ukimbie na neno mdomoni."

Nikaona ni adhabu nyepesi. Sikujua kuna salamu.

Huwezi kumpita mzee wa watu mbio. Unasimama, unainama, shikamoo, marahaba, halafu ya Kisukuma, mwangaluka, wa nyumbani hawajambo, mvua huko kwenu vipi. Dakika mbili za kutembea zinageuka nusu saa. Kuna bibi mmoja alikuwa ananizungushia khanga kiunoni kila wiki kupima kitambi, kisha anawatangazia majirani matokeo.

Siku ya kliniki daktari akapima mara moja tu. Presha imeshuka. Akasema dawa bado, niendelee hivyo hivyo, halafu akauliza nafanya mazoezi gani.

"Napeleka taarifa za misiba."

Akaandika hivyo hivyo kwenye kadi yangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Masalu kumpa habari na kuomba filimbi yangu. Akawaondoa watu wote uani. Akasogeza kigoda, akashusha sauti.

"Hicho kipimo, na sisi watu wazima wanatupima?"

Jumatatu nikampeleka. Daktari akampima. Akapima tena. Halafu akaenda kuleta mashine nyingine.

Wakuu, pale kwenye benchi nilijisikia vibaya. Siku ile juu ya jiwe mzee alikuwa anatafuta pumzi, na mimi nikadhani ni mamlaka. Miaka yote anaitikia filimbi kichwa kinamgonga, kwa sababu kamanda akikosekana watu watasemaje.

Akapewa dawa na kuambiwa atembee kila siku. Akamkazia daktari macho. "Nitembee nimeibiwa nini?"

Jumamosi iliyopita niliingia njiani mapema. Nimefika usawa wa miamba, nikasikia filimbi. Fupi, mara mbili. Nikasimama, tayari kugeuza.

Kwenye kona ya mto akatokea Mzee Masalu, suruali imekunjwa mpaka magotini, gambuti miguuni, filimbi yangu shingoni.

"Usiogope," akasema. "Nimeshawatangazia. Tatu ni ng'ombe. Mbili ni mimi na wewe."

Nilichojifunza: kapimeni presha, na mnapoona mtu mzima kanyamaza sana, muulizeni kama anapumua vizuri. Na ukienda kukimbilia kwenye ardhi ya watu, uliza kwanza filimbi kwao inaita nini.

Mwenye kisa chake cha mazoezi akiweke hapa tucheke wote, nitajibu jioni.

Mke wangu amemaliza kusoma. Anasema nimeficha kwamba filimbi sijarudishiwa mpaka leo. Ni kweli, wala sijaidai.