Jiko la Spiriti la Nestori

Usiku ule Josepha hakupanda kitandani. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kanga mabegani, akisikiliza mvua ikipiga mabati, na kila mbwa alipobweka alisimama. Mumewe, Leonidasi, alikuwa ameondoka jioni kwa baiskeli kwenda hospitali ya Kabanga. Wagonjwa wazito wa huku wengi hupelekwa kule, kwa hiyo alikwenda kumtafuta mtoto wao wodini.

Habari ililetwa na jirani yao, Mwatumu. Naye aliipata sokoni kwa utingo wa lori lililotoka Kibondo, kijana wa Gwarama ambaye Kiswahili chake bado kibichi.

"Nestori wako kaungua," Mwatumu alisema, mikono kichwani. "Kwa lile jiko lake dogo. Sikuwahi kuuliza zaidi, lori likaondoka."

Nestori, kifungua mimba wa Josepha, alikuwa bwana nyuki wa Kibondo. Mwaka ule vijiji vipya vilikuwa vikifundishwa ufugaji wa nyuki, na yeye alishinda porini akikagua mizinga, akilala hemani. Masika kuni zote huwa zimelowa. Ndiyo maana, alipokuja likizo, alitaka jiko la kubeba. Na aliyelichagua ni Josepha. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Walikwenda dukani kwa Gharibu, Kasulu mjini. Gharibu aliweka mezani majiko mawili. Moja la pampu, la mafuta ya taa, zito, linalonguruma. La pili la shaba, dogo kama kopo la maziwa, la spiriti: unamimina, unawasha kiberiti, basi. Nestori akashika la pampu.

"Weka chini hilo," Josepha alisema. "Kama hilo lilimlipukia mke wa karani, nyusi hazijaota mpaka leo."

"Mama, hili linaivisha haraka."

"Unawahi wapi? Nyuki wanakungoja?"

Gharibu alicheka, akalitoa la spiriti nje juani, akaliwasha. Josepha akainama, asione kitu.

"Mbona haliwaki?"

"Linawaka, Mama Nestori. Moto wa spiriti juani hauonekani. Usipeleke mkono. Na asiongeze spiriti mpaka lipoe, la sivyo chupa itamlipukia."

Josepha alimtaka Gharibu arudie maneno hayo, kisha akamtaka Nestori ayarudie.

"Unanunua jiko," Gharibu akauliza, "au unaoza binti?"

Sufuria nayo alichagua yeye. Nestori alitaka nene. Mama akachukua nyembamba, kwa kuyahurumia mabega ya mwanawe.

Sasa, gizani, aliuona ule moto usioonekana ukimpanda mtoto kwenye shati, shingoni, usoni. Laiti angenyamaza tu pale dukani.

Kulipokaribia kucha, hatua zilisikika matopeni. Mlango ukagongwa. Josepha akashika komeo, lakini hakulivuta.

"Leonidasi? Sema hapo hapo nje kwanza. Yu hai?"

"Ni mimi, mama. Lori nililopanda limekwama Makere usiku kucha. Fungua, nimelowa."

Ilikuwa sauti ya Nestori. Bado komeo hakulivuta. Kuisikia sauti ni jambo moja. Kuuona uso ni jingine.

"Umeungua wapi? Usinifiche."

"Nani kaungua?"

"Wewe. Utingo kamwambia Mwatumu."

Nje kicheko kikaanza, kidogo kidogo.

"Nilimwambia nimeunguza, mama. Nimeunguza sufuria. Nilibandika dagaa, nikaenda kuangalia mzinga, kurudi nakuta mkaa. Ile nyembamba yako, kitako kimekunjamana chote. Nikamtuma aseme nakuja kuazima nyingine."

"Na mikono?"

"Yote miwili hii hapa, inagonga mlango."

"Na nyusi?"

"Mama."

Josepha aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango. Alipumua kama mtu aliyetua mtungi baada ya kupanda mlima.

"Baba yako yuko Kabanga," alisema, akicheka na kulia pamoja, "anafunua watu mashuka akikutafuta."

"Nitamfuata. Ila kwanza nipe uji."

Akavuta komeo. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua, ukang'ang'ania; mama akavuta kwa ndani, mwana akasukuma kwa bega, ukafunguka.