Seva ya Ghala la Mbegu

Kwenye mlango wa ghala letu la mbegu za viazi, Keringet, kuna beseni pana la dawa. Hakuna anayepita bila kulikanyaga: mkulima, dereva wa lori, hata askofu aliyekuja kutuombea mvua alichovya viatu vyake vyeusi bila kunung'unika. Ugonjwa wa mnyauko husafiri na udongo wa gambuti, na ukiingia kwenye mbegu umeshafika kwa kila atakayepanda. Beseni hilo nililisimamia mimi karani, na nilikuwa mkali. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima nilimrudisha mara mbili.

Mlango wa ofisi haukuwa na beseni. Humo ndimo ilimokaa seva, yenye rejista ya mbegu zote: kila gunia lilitoka shamba gani, lilikaguliwa lini, lilionekana safi au la. Humo pia ndimo ilimokuwa printa pekee ya rangi kuanzia sokoni hadi kanisani. Kwa hiyo mtu akifiwa, flashi yenye picha za marehemu ililetwa kwangu, nikaichomeka kwenye seva, nikachapisha ratiba ya mazishi. Nani angemwambia mfiwa arudi nyumbani?

Alhamisi moja folda zote za rejista ziligeuka vialama vidogo vyenye mshale. Nikibofya, hakuna kitu. Diski ya akiba, yenye nakala ya rejista, ilikuwa imechomekwa hapo hapo, nayo ikapatwa vilevile. Mkaguzi wa mbegu alikuwa aje Jumatatu. Bila rejista hatukuwa na la kumwonyesha, na mbegu zisizopitishwa na mkaguzi ni viazi vya chipsi tu. Jasho la msimu mzima la wakulima wetu lingeishia kwenye mafuta moto ya vibanda vya Salgaa. Nililia, sioni haya kusema.

Mwenyekiti akampigia simu mtaalamu wa mjini Nakuru. Mtaalamu, bila hata kuiona seva, akasema atakuja Jumamosi saa saba mchana, afute kila kitu, aanze upya. Afute! Nilipopinga, mwenyekiti aliniambia kwa upole kwamba mambo ya virusi yana wenyewe. Upole huo ndio ulioniudhi. Angenifokea ningemsamehe siku hiyo hiyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa ofisini. Laptopu yangu ya nyumbani ina kinga ya virusi iliyokuja nayo, ngao ndogo inayokaa karibu na saa. Kwenye seva niliitafuta ngao hiyo, haipo. Nikaingia kwenye mipangilio, hakuna ukurasa wake. Mwingine angesema basi, seva haina. Lakini mimi ni mbishi tangu utotoni. Nikafungua orodha ya vipengele vyote vya mfumo, nikaisoma mstari kwa mstari kama ninavyosoma lebo za magunia. Katikati nikaikuta: kinga ile ile, jina lake lipo, kisanduku chake kitupu. Ilikuja na seva tangu siku ya kwanza, na kuna mtu aliyeitoa.

Nikamkumbuka huyo mtu, na uso ukaniwaka moto. Fundi aliyetuwekea seva aliniuliza kama nataka iende mbio au ijikague kila wakati. Lebo zilikuwa zikitoka polepole na malori yanangoja. Nikamwambia mbio. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nikatia alama kwenye kisanduku, kinga ikajiweka, nikaiwasha seva upya. Nikaipa intaneti ya simu yangu ipakue orodha ya virusi vipya, nikahakikisha ulinzi wa wakati wote umewaka, nikaiamuru ikague seva nzima pamoja na diski ya akiba. Ilikwenda polepole. Nilimaliza vikombe vitatu vya chai. Ilipofika mwisho ilikuwa imemnasa mwizi, kirusi cha kwenye flashi, na kumfungia pembeni, lakini folda bado hazikuonekana. Nikarudi kwenye mipangilio, nikaruhusu kila kilichofichwa kionekane, hata vile vya mfumo wenyewe.

Zikatokea. Zote, tangu gunia la kwanza. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka wapakiaji wakatoka ghalani mbio, wakidhani nimeletewa habari za posa.

Mtaalamu alipofika saa saba alimkuta mwenyekiti amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma rejista kwa sauti. Nilimkaribisha chai. Akaitazama seva, akakubali kwamba hakuna cha kufuta. Hapo nikamweleza mwenyekiti habari ya zile mbio nilizomwomba fundi, maana sikutaka kushangiliwa kwa kuzima moto niliouwasha mwenyewe.

"Sawa madam," akasema. "Lakini si umeuzima?"

Jumatatu mkaguzi alipitisha mbegu zote. Nilitembea kwenda nyumbani kichwa juu, na sikumpisha mtu njia.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti alifiwa na dada yake. Alikuja ofisini na flashi ya picha, nami nilikuwa nimejiandaa kumweleza utaratibu mpya wa kukagua flashi kwa maneno laini ya kumfaa mfiwa. Hakuningoja. Alisimama kwenye kizingiti, hakuingia, akaninyooshea ile flashi.

"Madam," akasema, "hii ikanyage dawa kwanza."

Nikaipokea kwa mikono miwili.