Vigingi vya Shangazi Vero

Juzi nilipita kwa muuza kamba, mvua ilikuwa imemnyeshea bidhaa yake, na harufu ya katani iliyoloa ikanipiga puani. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda. Harufu ile, jamani, kwangu ni harufu ya shamba la shangazi yangu Vero, mwaka nilipokuwa na miaka tisa na kiherehere kisicho na dawa.

Tulikaa Ngagara, karitiye ya tatu, yaani mtaa wa tatu. Nyumba zilifanana hata mlevi aliingia kwa jirani na kudai chakula. Uhuru ulikuwa bado mpya, na baba yangu, karani, alitembea kama vile amekabidhiwa nchi yote aitunze. Shangazi Vero alikuwa dada yake. Ugonjwa ulimchukua macho akiwa msichana kwao Uvira, na baba akamleta kwetu.

Tulimpenda, tena kupita kiasi. Akiinuka, watu watatu waliinuka naye. Chai alimiminiwa, samaki alitolewa miiba, hata nywele alisukwa bila kuulizwa anataka msuko gani. Mchana kutwa alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, nasi tukasema anapumzika.

Ndipo akaja Mesiye Anselmi, yaani Bwana Anselmi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashambani kufundisha vipofu kulima, naye mwenyewe hakuona hata mwanga wa jua. Mama alimshika mkono kumpeleka kwenye kiti. Akacheka. "Aksanti, mama. Kiti nimeshaisikia, watoto wako wameiburuta mupaka hapa."

Baba alikuwa na kipande cha shamba Mutakura, siku hizo kote huko mashamba matupu, na alikuwa anataka kumpa shemeji yake. Shangazi alipomsikia Mesiye, akasema, "Kaka, unipatie mi ile shamba. Musimu moja tu."

"We? Utajikata miguu!"

Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: Shangazi apande maharagi, na siku ya palizi baba aje atazame. Akipalilia peke yake, shamba ni lake. Akishindwa, linakwenda kwa shemeji.

Mesiye alimfundisha kwa kamba ya katani yenye mafundo. Kila mstari ulikuwa na kigingi huku na kigingi kule. Kamba inafungwa katikati, na penye fundo ndipo penye shimo la maharagi. Siku ya kupalilia unafunga kamba tena kwenye vigingi vilevile. Mkono wa kushoto unafuata kamba, jembe dogo linakwenda shubiri moja pembeni, na chochote kilichoota huko ni magugu. Shangazi alirudi nyumbani na udongo kwenye kucha, akiimba. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba.

Kazi yangu ilikuwa kumfikisha shambani asubuhi na kukaa kimya. Ya kwanza niliiweza.

Jioni ya kuamkia siku ya baba kuja kutazama, nilikwenda peke yangu kutazama. Yesu wangu! Vigingi vya mwisho wa shamba vilikuwa vimekaa upande, mistari imelala kama mtu mwenye homa. Nikawaza: kesho baba atamcheka. Mwenye macho haambiwi tazama, basi nikaokota jiwe, nikang'oa vigingi vya upande ule, nikavipigilia upya kando ya matundu yake ya zamani, vimenyooka kama askari wa gwaride. Nikarudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Asubuhi baba alisimama ukingoni na kofia yake, Mesiye kando yake. Shangazi akafunga kamba, akapiga magoti, akaanza. Hatua za kwanza zilikwenda vizuri, kwa kuwa upande ule sikuugusa. Lakini kadiri alivyosonga, kamba ilizidi kuyaacha maharagi, na jembe likazidi kuyafuata. Mimi niliona kabla yake. Akakata shina moja, la pili, la tatu. La nne akaliokota, akalipapasa majani, akalinusa.

"Ni maharagi," alisema polepole.

Baba akakohoa. Hakucheka, afadhali angecheka. Shangazi akaweka jembe chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akairudisha mapajani kama alivyoiweka miaka yote ile mkekani. "Kaka, una haki. Umupatie shemeji yako."

Na mimi? Nilikuwa nahesabu fimbo za baba. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, nikatazama kofia yake, nikatazama vidole tena.

"Ni mi," nikasema mwisho. "Mi nilihamisha vigingi. Vilikuwa upande."

Mesiye akaenda akipapasa hadi kwenye kigingi, akazungusha kidole ardhini. "Tundu ya zamani iko hapa," akasema. "Mutoto amenyoosha shamba, maharagi hayakupewa habari."

Shangazi alirudisha vigingi mwenyewe, kimoja kimoja. Alipalilia hadi jua la utosi, na baba akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya ofisi. Shamba likawa la Shangazi. Tulikula maharagi yake miaka mingi.

Kisa hiki nilikisimulia mara nyingi ukubwani, nikijipamba: msichana jasiri aliyesema kweli mbele ya baba mkali. Siku moja, nikiwa nimeshaolewa, nilimwomba Shangazi msamaha kwa yale mashina manne.

"Maharagi?" akacheka. "Sikulilia maharagi mi. Nilikuwa nakusikia unapumua nyuma yangu, nikajua una neno. Lakini ulikawia, mwanangu. Mi nilishakubali mikono yangu haifai."

Siku ile nilidhani anayengoja adhabu ni mimi peke yangu. Kumbe mbele yangu, kwa muda wote ule niliokuwa natazama vidole vyangu, mtu mzima alikuwa anajifunza upya kukaa mkekani.