Walisema Niliwaambia Ni Ndugu

Mtu akiniuliza kwa nini napandwa na hasira nikisikia neno Thailande, namwambia aketi kwanza. Mimi Thailande sijafika. Nimeishia Bujumbura upande ule na Kamanyola upande huu. Lakini kuna vijana wawili wa shule huko, vijana wa filimu, hata si watu wa kweli, na kwa ajili yao nilipoteza nafasi yangu kwenye mashine ya kushonea na nikapoteza rafiki. Vijana wenyewe sina neno nao. Neno langu liko na wasichana wa hapa kwetu Uvira.

Tulikuwa tunajifunza kushona kwenye atelie moja, njia ya kwenda Kalundu. Patroni wetu alikuwa mama wa kanisa, mwenye mkono mzuri na jicho kali. Ukikata kitenge vibaya alikuwa anakitandika mezani na kukitazama kama maiti, haongei, na wewe unatamani afadhali akutukane. Nilikuwa karibu kumaliza. Wengi wakimaliza wanarudi nyumbani kutafuta mashine yao, na mashine haipatikani, basi ufundi unalala. Mimi patroni alikuwa amenitamkia mbele ya wote kwamba nitabaki, nikate nguo za wateja pamoja naye, na mashine ya karibu na mlango itakuwa yangu. Mama yangu anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilipompelekea habari hiyo alipiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani anaolewa.

Kwenye mashine ya pembeni alikuwa anakaa rafiki yangu. Alikuwa ametoka Runingu, anaishi kwa shangazi yake, na shangazi alikuwa mtu wa kuhesabia watu vipande vya samaki. Kwa hiyo mchana tulikuwa tunakula sahani moja, bugali na sombe ya majani ya muhogo kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyenisuka nywele. Yeye ndiye aliyejua ni kijana gani wa kwaya niliyempenda na hakunipenda. Na yeye ndiye aliyeleta ile seri, filimu ya vipande vipande, ndani ya telefone yake. Binamu yake anayesoma ng'ambo ya mpaka ndiye aliyemjazia.

Watu wa ile seri walikuwa wanaongea Kithai, na chini ya picha kuna maandiko ya Kifaransa yanayopita mbio. Kati yetu mimi peke yangu nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari. Basi mchana patroni akienda sokoni kutafuta vitambaa, tunaegemeza telefone kwenye pasi, mashine zinaendelea kulia, na mimi nasoma kwa sauti kwa Kiswahili. Mikono inashona, masikio yanasikiliza. Mwanzoni nilikuwa nasoma tu. Baadaye nikaanza kutoa sauti: ya mwalimu mkuu, puani, ya mama wa kijana tajiri, yule mama wa kukunja midomo, na za vijana wenyewe, kila mmoja na yake.

Hatukuweza kutamka majina yao, tukawapa ya kwetu. Mmoja tulimwita Mrefu, mwingine Miwani. Mrefu ni mtoto wa matajiri, anacheza mpira, anajivuna. Miwani anasoma kwa msaada wa shule, haongei, na anampenda Mrefu tangu siku ya kwanza. Ndiyo, anampenda. Kipande cha kwanza kabisa niliwasomea hivyo hivyo, bila kutia sukari wala kupunguza chumvi, na mashine zikasimama zote.

"Anamupenda namna gani?" akauliza msichana mmoja mnene, tuliyemwita Mdogo kwa sababu ndiye mdogo wetu.

"Namna watu wanapendanaka," nikamjibu.

Halafu rafiki yangu akasema, "Basi endelea, weye! Juu ya nini unasimama?" Na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

Ee Mungu, vile tulivyopenda! Atelie iligawanyika. Watu wa Mrefu huku, watu wa Miwani kule, na watu wa Mrefu walikuwa wanalaumiwa kwa kila kosa lake. Siku alipomwacha Miwani amsubiri kwenye mvua, watu wa Miwani walikataa kuwapa wenzao uzi mweusi. Mdogo alikuwa wa Miwani. Alilia akafuta machozi na bitana ya mteja, akasema, "Ule Mrefu akikuja hapa Uvira, minye namutupa mu ziwa na viatu vyake!" Rafiki yangu alikuwa wa Mrefu, anamtetea kama kaka yake wa tumbo moja: "Hamujue mama yake? Na mama kama ule, weye ungefanya nini?"

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaipenda hivi seri ya vijana wawili. Alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Mule hamuna mwanamuke wa kupigwa," akasema. "Hamuna wa kupewa mimba na kuachwa. Minye naangalia mapenzi, roho inatulia."

Sikuwahi kusikia mtu akisema jambo la kweli namna ile. Nilimpenda zaidi siku hiyo, na nalisema hata leo, ijapokuwa linaniuma.

Kulikuwa pia na kijana wa tatu, mwanafunzi mwenzao, aliyekwenda kwa mwalimu mkuu kuwasema. Tulimwita Mbea. Huyo hakuwa na watu wake. Akionekana tu, atelie nzima inamzomea, na aliyekuwa wa kwanza kumzomea ni rafiki yangu. "Muntu wa kula na wenzake halafu anabauza!" alikuwa anasema. "Mama yake alizaa nini?"

Sasa siku yenyewe. Patroni alikuwa amekwenda sokoni, mvua ikamrudisha njiani. Sisi hatukumsikia, maana mabati yalikuwa yanapiga kelele, na tulikuwa kwenye kipande tulichokingoja tangu mwanzo. Miwani na Mrefu wako juu ya paa la shule. Hakuna kitu kibaya pale, wameshikana mikono tu. Na Miwani, yule wa kunyamaza, anafungua mdomo. Mimi nikatoa sauti yake, ile ya chini, kwa roho yangu yote:

"Ninakupenda toka siku ya kwanza. Nimechoka kujificha. Wakitaka banifukuze shule, banifukuze, lakini weye ujue."

Nilipoinua macho, patroni alikuwa mlangoni, anachuruzika maji.

Aliitazama telefone. Vijana wawili wameshikana mikono. Kifaransa hakijui. Alichokuwa nacho ni kile alichosikia kutoka mdomoni mwangu.

"Ni nini hii?" akauliza, pole pole.

Ningeweza kusema mimi, na nilikuwa naanza, kwamba ni filimu tu, maman, tunapumzisha akili. Lakini rafiki yangu alinitangulia.

"Telefone ni yangu, maman," akasema. "Lakini minye Kifaransa sijue. Ni yeye anatusomeaka. Siku zote anatuambia ni bandugu. Baba moja, mama mbalimbali. Filimu ni ya bandugu, maman. Leo ndio tunasikia ameingiza maneno yake."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Niliona ni uongo mzuri, ametuokoa sote, atanikonyeza sasa hivi. Nikamtazama. Hakunikonyeza. Alikuwa anatazama sindano.

Patroni akamgeukia Mdogo. "Ni kweli?"

Mdogo, wa kulia kwenye bitana! "Ni kweli, maman. Bandugu."

Akauliza wa tatu, akauliza wa nne. Bandugu, maman. Bandugu. Kila mmoja aliinamisha kichwa na kulitema neno lilelile.

"Waongo!" nikapiga kelele. "Weye, si weye ulisema mule hamuna mwanamuke wa kupigwa? Si mulinyimana uzi juu ya Miwani? Maman, ita mutu yeyote mwenye kujua Kifaransa, asome pale chini. Asome!"

"Niite mutu?" patroni akasema. "Nimuite mutu wa inje, akuje kusoma mambo kama aya mu atelie yangu? Unataka nikuwe habari ya muji?"

Na hapo nikaona wamenifunga. Ushahidi ulikuwepo, umeandikwa, na hakuna atakayeuleta kwa sababu ya aibu. Patroni aliniambia kwamba mtu akipenda filimu ya ajabu, huyo anaweza kuombewa. Lakini kuchukua filimu ya ndugu wawili wanaopendana vizuri na kuitia uchafu wa kichwa chako, kwa kuwa umesoma na wenzako hawakusoma, huo ni moyo wa namna gani? Akasema nitoke, hawezi kuniweka mimi karibu na wateja wake.

Kosa langu, kwa hiyo, lilikuwa uongo. Mimi niliyetafsiri kila neno kama lilivyo, hata pale ambapo ilikuwa rahisi kulizunguka! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi na aliyenila tulikuwa tunazishona pamoja hizo nguo.

Rafiki yangu hakunifuata nje. Nilisimama chini ya mabati ya jirani nikingoja atoke, hata aje anitukane. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno, na nilikuwa pia, Mungu anisamehe ujinga wangu, nimeshaanza kumsamehe: shangazi yake angemfukuza, angerudi Runingu kulima. Mvua ikaisha. Mashine zikaanza kulia tena. Hakutoka.

Nikaenda kuuza ndagala na mama yangu. Mama hakuniuliza mengi, alinipa beseni. Nilikuwa nakwepa njia ile ya atelie, nazunguka mbali, hadi siku moja jua lilikuwa kali na miguu ikakataa kuzunguka. Nikapita nyuma, kwenye kichochoro cha dirisha lao.

Nikasikia sauti. Ilikuwa ya rafiki yangu, lakini ameifanya ya chini, namna nilivyokuwa naifanya mimi nikiwa Miwani. "Ndugu yangu, usiende. Mama iko anakulilia nyumbani."

Na sauti ya patroni, imejaa machozi: "Masikini! Bandugu kama aba, siku izi utabapata wapi?"

Nikachungulia. Telefone iko kwenye pasi, patroni amekaa mbele kabisa, kitambaa mkononi. Wasichana wote wamezunguka. Ilikuwa seri mpya, mwendelezo, sijawahi kuiona. Rafiki yangu amejifunza Kifaransa lini, patroni hakuuliza. Miwani ameshika shati la Mrefu mgongoni, na maandiko yako pale chini. Maneno ya mama hayakuwepo. Ya nyumbani hayakuwepo. Nikamwangalia Mdogo: machozi yanamtiririka, na hakuwa anamlilia ndugu wa mtu yeyote. Wote walijua. Walikuwa wanasikiliza uongo na kulia juu ya ukweli, na mimi tu ndiye niliyekuwa nje.

Mdomo wangu haukuniuliza. "Hakusema ivyo!" nikaita. "Amesema bila weye hawezi! Amesema anakupenda!"

Wasichana wakageuka wote.

"Nani iko kule inje?" patroni akauliza, bila kugeuka, maana hakutaka kupitwa.

Rafiki yangu akainuka, akaja dirishani. Tulikuwa karibu kiasi cha kushikana. Aliniona uso, aliona beseni kichwani, aliona nywele zangu ambazo hakuna aliyekuwa amezisuka. Midomo yake ilicheza. Nikangoja. Naapa, hata pale nilikuwa bado nangoja.

"Ni muntu wa ndagala, maman," akasema. "Anauliza kama tunanunua."

"Umwambie leo hapana."

Akanitazama machoni.

"Leo hapana, mama," akaniambia, akavuta dirisha.