Walisema Tusimame, Nikabaki Nimekaa

Admin, nifichie jina, huku Tarime tunajuana. Mimi ni muuguzi, nina miaka thelathini na nne na mtoto mmoja.

Corona ilipopamba moto wodini kwetu, wenzangu wawili waliugua na zamu zao nikabebeshwa mimi. Nilijifunza kusinzia nimeegemea kabati la dawa. Nikirudi nyumbani navua nguo uani, naoga kwanza, huku mwanangu ananichungulia dirishani kwa sababu nimemkataza kunikumbatia. Kila nikiomba likizo, mganga mfawidhi, bosi wetu, ananiambia mimi ni jembe, nivumilie. Kuna asubuhi nilimchoma mgonjwa sindano huku machozi yananitoka, na sikujua nalilia nini. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawa namchukia anayeniita jembe.

Wiki iliyopita wakaja wageni kutupongeza. Tukapangiwa viti nje, MC akatangaza wauguzi tusimame tupigiwe makofi ya kilo. Wenzangu wakasimama. Mimi miguu ilikuwa imevimba na hasira zimenijaa, nikabaki kwenye kiti. Mfawidhi akaja akaniinamia: "Sista, simama, unatuaibisha."

Nikamjibu kwa sauti ya kawaida tu, kumbe MC na kipaza sauti chake yuko nyuma yangu: "Daktari, nimesimama tangu corona iingie. Leo nipongezwe nimekaa."

Uwanja mzima ulisikia, watu wakacheka. Sasa mfawidhi anataka Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi, niombe radhi mbele ya wote. Nikikataa, atahakikisha nahamishwa mbali. Mama yangu ni mgonjwa, yuko kijijini Ringwani, na anayekwenda kumwangalia ni mimi peke yangu. Mama mwenyewe kaniambia, "Omba radhi yaishe, mwanangu. Neno moja halitakuua."

Kweli halitaniua. Lakini nikikiri kwamba kukaa ni kosa, nani pale kazini atathubutu tena kusema amechoka?

Nimeamua Jumatatu nitasimama. Sitaomba radhi, nitaomba likizo, na akikataa, akatae wote wakisikia. Ninachowaulizeni ni kimoja: nifanyeje mama yangu asije akaumia kwa ajili ya mdomo wangu? Hapo nishaurini, nitasoma kila komenti. Ila wewe unayetaka kuniambia nikapige magoti, pita tu. Hayo magoti yenyewe yanauma.