Nilikataa kupanda kahawa kwa sababu daktari alisema kansa inaweza kurudi

Wakuu, habari za humu. Shikamooni mlionizidi umri, ingawa nadhani hampo. Nimevuka tisini. Nyie wengine wote marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Nachapa kwa kidole kimoja na jicho moja lina mtoto wa jicho, herufi zikirukana mnivumilie. Na wale ambao kila uzi kwao ni chai, leo sina sukari wala majani. Haya yamenipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki.

Kilichoniamsha ni kijana mmoja aliyeandika humu juzi. Amepewa majibu ya kansa ya ngozi. Wamemkata, wamemwambia wanadhani wameitoa yote, ila awe anarudi check-up.

Sasa anasema halali. Nyumba aliyokuwa anajenga yeye na mkewe ameisimamisha kwenye lenta, fundi anapiga simu hapokei. "Nijenge ya nini, na sijui kama nitaihamia?" Ndivyo alivyoandika.

Mkamwambia pole mkuu, Mungu ni mwema, mkaenda kubishana mambo ya mpira.

Mimi nilisoma nikapandwa na hasira mpaka mjukuu wangu akauliza kama nimekula dawa ya presha. Huyo kijana ni mimi. Mimi wa miaka ya hamsini.

Basi sikilizeni.

Nimezaliwa Mabira. Siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa, enzi hizo yote ilikuwa Karagwe na Mwingereza ndiye anatawala. Baba yangu alikuwa na kibanja kizuri, migomba na kahawa, na watoto wa kiume wawili. Mimi Venanti mkubwa, na mdogo wangu Novati.

Nikiwa mtoto niliingiza mguu kwenye shimo lenye moto, lile la kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Likabaki kovu kubwa kwenye muundi. Halikunisumbua, nikakua nalo, nikaoa nalo.

Nilipokuwa nimeoa, mwaka haujaisha, lile kovu likafumuka kidonda. Kando zake zimeinuka kama ukingo wa sahani. Hakiumi. Tukaweka majani, tukaweka mafuta ya ng'ombe, hakifungi. Kikaanza kunuka.

Sasa kwetu kidonda kisichouma na kisichopona kilikuwa na jina moja tu. Ukoma. Mtu akiguswa na neno hilo anahamishiwa pembeni, chombo chake pembeni, na ndugu zake hawaoi wala hawaolewi. Baba alikuwa anakitazama kile kidonda akiwa amesimama mlangoni, haingii.

Akanipeleka hospitali ya misheni. Tulitembea, mimi na mkongojo. Daktari wa kizungu akakata kipande, akasema kinapelekwa Kampala kupimwa. Tukasubiri wiki nyingi. Tuliporudi, mzungu akaongea Kiingereza, na dresa wake, mfunga vidonda, bwana mmoja wa Muleba mwenye koti jeupe, akatufasiria.

Akasema ni kansa ya ngozi.

Baba hakuwahi kulisikia neno hilo. Akauliza swali moja tu, akianza na neno letu la heshima. "Waitu, si ukoma?"

"Si ukoma, mzee."

Wakuu, baba yangu alicheka. Akamshika dresa mikono yote miwili, akamshukuru kama vile amepewa ng'ombe. Nilipokatwa ile nyama yote na kubandikwa ngozi ya paja, nikarudi nyumbani, nikakuta mbuzi amechinjwa na mtumbwi wa kukamulia rubisi umejaa. Watu wanapiga vigelegele kwamba mwanao ana kansa tu.

Kansa tu. Mpaka leo nikilikumbuka hilo neno "tu" nasaga meno.

Kwa sababu mimi nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakijui. Siku ya kutoka hospitali yule dresa alinivuta pembeni ya ukuta.

"Venanti, daktari amesema ukimaliza miaka mitano kimya, umepona. Lakini nikwambie kiume. Ikirudi inapitia hapa kwenye nyonga. Utaona mtoki, uvimbe. Ukiuona, njoo upesi. Wengi niliowaona na mtoki huo hawakukaa."

Alikuwa na nia njema. Sijawahi kumsamehe.

Hapo ndipo ilipoanza hiyo mnayoiita anxiety. Sisi hatukuwa na jina lake. Ukisema moyo hautulii, unaulizwa umelogwa na nani.

Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani naminya nyonga. Kulia, kushoto. Naminya mpaka panauma, halafu najiuliza mbona panauma.

Na fikirieni mkulima wa enzi zile, peku. Leo umejikata na jembe, kesho umechomwa na mwiba, keshokutwa funza. Kila kidonda cha mguu kinaleta mtoki. Kila mtu kijijini alikuwa na mtoki muda wote na hana habari nao. Mimi nikiuona nalala chali nimekodolea macho paa, naagana na dunia. Baada ya siku chache unanywea. Nashusha pumzi. Halafu mwiba mwingine.

Nikaenda kutafuta viatu kwa mfanyabiashara wa Bukoba aliyekuwa anapita kununua kahawa. Nikawa mtu pekee Mabira nzima anayelima na viatu. Watoto wakawa wananiimbia "Bwana Shauri", kama ofisa wa serikali ya Mwingereza, nikipita. Na wakubwa waliosema mguu umepona ndio hao hao waliokuwa wananiuliza, sasa mguu umepona, mbona unatembea kama uko msibani?

Ningewajibu nini? Msiba wenyewe ulikuwa wangu.

Sasa tufike kwenye kahawa, ndiyo iliyonileta hapa.

Baba alikuwa amenionyesha sehemu yangu kabla sijaugua, ule mteremko juu ya chemchemi. Udongo mweusi. Alikuwa amesema, "Hapa panda buni, utalea wanao." Miche tukawa tumeshaandaa.

Nilipopona nikaenda nayo pale. Nikaishika mkononi. Buni ukiipanda leo, inakaa miaka mitatu, minne, ndipo unaanza kuona matunda. Nikapiga hesabu ya dresa kichwani. Nikaona hii itazaa mimi nimeshazikwa chini ya mgomba. Nikairudisha miche kivulini.

Nikapanda maharage.

Msimu uliofuata nikapanda maharage tena, na viazi, na njugumawe. Chochote kinachovunwa haraka. Hata mgomba sikupanda, maana nao unachukua zaidi ya mwaka. Mbuzi nilinunua dume, wa kuchinja, sikutaka jike wa kusubiri azae. Nyumba ilikuwa inavuja, nikawa naziba kwa nyasi mpya juu ya nyasi mbovu. Kuezeka upya niliona ni anasa ya watu wazima wenye afya.

Mke wangu Paskazia alivumilia. Siku moja tunapalilia, akasimamisha jembe akaniambia, "Wewe unajiandaa kufa. Mimi unataka nijiandae na nini?"

Nikamwambia anyamaze. Akaendelea kupalilia.

Ndipo Novati akaja. Kwa heshima zote, mdogo wangu huyu.

"Kaka, ile miche inakauka. Nikusaidie kuipanda pale juu?"

Nikamwambia panda.

Mwaka uliofuata akashuka chini kidogo na miche mingine. Nikaona, nikanyamaza, kwanza nilikuwa na mtoki wiki hiyo. Mwaka mwingine akashuka tena. Maharage yangu yakawa yanasogea kuelekea chemchemi, mwisho nikawa nalima ukanda mwembamba pale penye matope.

Baba aliona yote. Hakusema neno. Nilidhani ananihurumia. Baadaye nikaelewa kwamba na yeye alikuwa ameshanizika moyoni, alikuwa anahakikisha shamba halibaki wazi. Ukweli huo ulinikata kuliko kisu cha mzungu.

Kamwambukiza nani mawazo hayo? Mimi ndiye niliyemwambukiza. Mtu akikuona kila siku unaishi kama abiria, naye anaacha kukuhesabu.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, baba akafa yeye. Mzima wa afya, kaugua tumbo siku chache, kwisha. Mimi wa kansa ndiye niliyechimba kaburi.

Matanga yalipoisha, wazee wa ukoo wakaja kugawa. Mnajua kwetu, wazee wanatembea kibanja chote kwa miguu, wanaangalia mipaka, wanauliza. Walipofika kwenye mteremko wakasimama. Buni zimeshiba, matunda mekundu mpaka matawi yameinama.

Mzee mmoja, binamu ya baba, akauliza, "Hizi buni mkono gani ulizipanda?"

Novati akatazama chini. "Wangu, waitu."

Nikasema, "Lakini pahala hapa baba alinipa mimi. Wote mnajua."

"Tunajua," mzee akasema. "Alikupa. Wewe ulipanda nini?"

"Maharage."

"Yako wapi?"

Wakuu, hakukuwa na dharau kwenye lile swali. Aliuliza kama mtu anayetaka kuyaona ayahesabu. Nikageuka nikatazama shamba lote lile.

"Tulishayala," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wakaamua kwamba kahawa ni ya aliyeipanda, na kahawa haiondoki bila udongo wake. Mteremko akapewa Novati. Mimi nikapewa kipande kwenye rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako hata ng'ombe wanapita bila kusimama.

Jioni ile Paskazia ndiye aliyeniuliza, "Hivi ile miaka mitano ya daktari iliisha lini?"

Nikafikiri. Ilikuwa imeshapita siku nyingi. Nilikuwa nimezoea kufa kiasi kwamba siku ya kupona ilipita mimi niko bondeni napanda viazi.

Kansa haikurudi, wakuu. Haijarudi mpaka leo. Kile kisu kilichukua nyama ya mguu kikatosheka. Kibanja sikunyang'anywa na kansa, na Novati naye simwiti mwizi, ingawa kuna miaka nilimwita hivyo hadharani. Nilikitoa mwenyewe, msimu kwa msimu, kwa debe la maharage.

Kule rweya tulibeba samadi vichwani mpaka ardhi ikakubali. Paskazia alikufa akiwa na mgongo uliopinda kwa kazi ile. Hapo ndipo sina la kujitetea.

Sasa kijana wa lenta, najua unasoma.

Sitakwambia usiogope. Utaogopa. Mimi nina zaidi ya tisini na leo asubuhi nimeminya nyonga kabla sijavaa shati. Hiyo hofu haina dawa niliyoijua, labda nyie wa siku hizi mna washauri na vidonge. Kama vipo vitumie, na check-up nenda bila kukosa, ule mtoki ungekuwa kweli ningeshukuru kuuona mapema.

Ila hofu ikae kitandani, wewe uamke. Kapige lenta. Ukifa, mkeo atalala ndani. Ukipona utalala naye. Kote huko nyumba inahitajika. Mpigie fundi.

Na nyie mnaoandika "pole mkuu" halafu mnaondoka, mrudi mumuulize kesho amelalaje. Mtu aliyepona kidonda bado ni mgonjwa, na hilo kwetu halikujulikana.

Waliopitia majibu ya namna hii waandike hapa chini. Asubuhi zenu mlizivukaje? Nauliza kwa kutaka kujua, si kwa heshima ya jukwaa. Matusi pia nitasoma, ila polepole.

Kabla hamjauliza kama nilipatana na ndugu yangu. Novati alishafariki. Tulipatana, kwa namna ya watu wanaokutana kwenye misiba. Kibanja kiko kwa wanawe, watoto wazuri, wana adabu. Mwezi uliopita walinialika.

Nikafika pale nilipozaliwa. Wakanikaribisha, wakanikalisha kwenye kiti cha mgeni, wakaniletea akamwani kwenye kikapu kidogo, zile buni zilizochemshwa na kuanikwa ambazo kwetu mgeni hupewa atafune. Za mteremkoni kwetu, wakasema.

Mwenye nyumba hapewi akamwani. Mwenye nyumba ndiye anayetoa.

Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikatafuna.