Mama yangu alinitoa kwenye group la wagonjwa wa selimundu huku nakula ugali wake

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi, Kongo, commune (manispaa) ya Katuba. Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa miaka. Kiswahili changu cha kuandika nimekiokota kwenu, kwa hiyo mkikuta kimepinda mahali, mnivumilie.

Hii nawapa kama ilivyotokea. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mama yangu siku hizi ana smartphone na anaingia kila mahali.

Twende.

Mimi nina selimundu. Huku kwetu tunaita SS. Nilizaliwa nayo. Nina miaka thelathini na kitu, na kila birthday majirani wananiangalia kama mtu ambaye Mungu amesahau kumwita.

Kazi yangu ni kuchora vibao na mabango: saluni, garage, makanisa. Maumivu yakija nalala. Yakiondoka narudi kwenye ngazi na brashi yangu.

Naishi kwa wazazi. Baba ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Mama anauza samaki wakavu wa Pweto, na yeye ndiye aliyechukua maneno yote ambayo baba hakuyatumia.

Sasa, tulikuwa na chama. Kila Jumamosi tunakutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yako karibu na kidevu. Nusu ya wanachama ni wazazi wenye watoto SS. Nusu nyingine ni sisi wagonjwa tuliokua.

Présidente alikuwa mama yangu. Makamu wake ni Papa Anselme, mzee mwenye binti SS, ambaye anapenda taratibu za mkutano kuliko chakula. Hata akitaka kwenda chooni anainua mkono na kusema "motion!", yaani ana hoja.

Tulikuwa tunapigania mkoa upitishe sheria ya SS. Watoto wapimwe wakizaliwa. Dawa zipatikane. Mwalimu asimfukuze mtoto darasani kwa sababu macho yake ni ya njano.

Tulizungushwa sana. Leo mkubwa hayupo, kesho yuko mkutanoni, keshokutwa barua yenu haionekani.

Mpaka tukampata mbunge mmoja wa mkoa, mwanamke, sote tukimwita Honorable. Huyo alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema: leteni mapendekezo yenu yameandikwa vizuri, mimi nitayabeba mpaka bungeni.

Wakuu, tulicheza siku hiyo. Papa Anselme alicheza bila kuomba ruhusa ya kikao.

Tungejua.

Vita ilianzia kwenye kipengele cha nne.

Mama alikiandika mwenyewe. Kilisema hivi: wanaotaka kuoana wapimwe damu kwanza, na kama kuna uwezekano wa kuzaa mtoto SS, bourgmestre, yaani mkuu wa commune anayefungisha ndoa, akatae kuwafungisha.

Wazazi wakapiga makofi. Upande wetu hatukupiga.

Ndipo akasimama Gladys. Gladys ni mshonaji, ana SS kama mimi, ana sauti ndogo lakini ukishaianzisha haizimiki. Wakati huo alikuwa mchumba wa mwalimu mmoja ambaye ni AS. (Kwa wasiojua: AS ni mzima kabisa, ila amebeba nusu ya ugonjwa. Akizaa na SS, mtoto anaweza kuwa SS, anaweza asiwe.) Walishapima wote wawili, wakakaa chini, wakaamua wanaoana.

"Mama Présidente," akasema, "hii article ya ine inasema miye siwezi kuolewa."

"Haisemi vile, mutoto yangu. Inasema usiolewe na ule."

"Njo ule niko naye!" (Njo ni "ndiye" au "ndiyo".)

Darasa zima likacheka. Mama hakucheka. Gladys naye hakucheka.

Kuanzia hapo maneno yakawa makali. Wazazi wakatuambia hatujui kukesha na mtoto anayelia mifupa. Sisi tukawajibu kwamba wao wanasimulia maumivu waliyoyaona, na sisi yetu tunatembea nayo. Papa Anselme akaleta motion ya kuzuia motion. Mtu mmoja akamwambia aimeze.

Mimi nikasimama upande wa Gladys.

Mama aliniangalia kama mtu aliyekuta nimeuza nyumba na yeye yuko ndani.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Kesho yake nilikuwa nakula bukari, yaani ugali wetu wa huku, kwa sombe, yaani kisamvu. Kapika mama mwenyewe. Simu ikalia. Natazama, nakuta group la chama limeandika: Mama Présidente amekuondoa.

Nikainua macho. Yuko upande wa pili wa meza, miwani puani, kidole bado kipo kwenye kioo.

"Mama, umenitosha mu groupe?" (Kutosha huku kwetu ni kutoa.)

"Mwenye kukutosha ni présidente," akajibu. "Mama yako anakuuliza kama unaongeza sombe."

Niliongeza. Ningefanyaje?

Wiki hiyo sisi tuliofukuzwa, maana Gladys na wenzetu nao waliondolewa, tukaanzisha chama chetu. Chao kilikuwa Umoja wa SS. Chetu tukakiita Umoja wa Kweli wa SS. Papa Anselme alipoona hakuna upande unaompa nafasi ya kuongoza vikao, naye akaanzisha cha kwake, Umoja wa Kweli na Halisi. Wanachama walikuwa yeye na binti yake. Binti akajitoa. Papa Anselme akarudi kwa mama akiwa mpole sana.

Nyumbani hali ikawa ya ajabu. Mama haongei na mimi moja kwa moja. Tumekaa sebuleni watu watatu, anamwambia baba: "Ambia mutoto yako anywe maji." Maana sisi SS lazima tunywe maji mengi. Baba ananigeukia, anafungua mdomo, anagundua nishanywa, anarudi kwenye redio yake. Yeye alishatangaza mapema kwamba hana chama.

Halafu ikaja ishu ya mabango.

Honorable alitupa siku ya kwenda kumuona ofisini. Nikachora bango la chama chetu, tone kubwa la damu katikati. Lilikuwa bado halijakauka, mama akaingia kwenye karakana yangu na mkoba wa kanisani, anaanza na Kifaransa cha ofisini.

"Bonjour, monsieur. Ninatafuta muntu wa kunichorea bango."

Wakuu, alinikodi. Mama yangu alinikodi nichore bango la kunipinga mimi. Na kwa Katuba yetu sikuona wa kumpeleka, wengine wanakosea herufi. Nikachora. Tone lile lile, maana mkono ni ule ule.

Akasimama akayalinganisha.

"Rouge yenu inakolea kupita yetu."

Nikaongeza nyekundu kwenye la kwao.

Siku ikafika. Tulitoka mlango mmoja, asubuhi moja, mtu na bango lake. Baba alitufungulia geti, akatutakia safari njema sote wawili kwa sauti sawasawa, hakuna aliyepewa zaidi.

Kufika ofisini tunakuta vyama vyote viwili tumepangiwa muda ule ule. Katibu wa Honorable alisoma Umoja wa SS na Umoja wa Kweli wa SS, akadhani ni watu wale wale wamejiandikisha mara mbili.

Tukaingizwa pamoja. Honorable akatazama mabango. Matone mawili, pacha.

"Ninyi si groupe moja?"

"Hapana!" tukajibu wote kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana tangu ile Jumamosi.

Akavua miwani. "Basi munisikilize. Miye siwezi kubeba makaratasi mbili. Mukinigombania hapa, kule bunge batanicheka, na hii mambo itakufa. Semeni."

Mama akaanza.

Hapa wakuu naomba niache utani kidogo.

Kabla yangu kulikuwa na dada yangu, Nadine. Alikuwa SS. Nilikuwa mdogo sana alipofariki, namkumbuka kwa gauni moja tu la njano. Nyumbani hatumtaji. Picha yake ipo chumbani kwa mama, ukutani sebuleni haipo.

Mama akamtaja. Mbele ya watu wote.

"Honorable, nilizika mutoto. Alikuwa na miaka saba. Alipokuwa mudogo, mikono ilikuwa inavimba, vidole vinakuwa kama mandazi, na miye sijue ni nini. Bantu ba parcelle banasema ni bulozi, banasema ni bibi yake anamukula. Nilimufukuza mama ya bwana yangu mu nyumba, Honorable. Mwanamuke wa Mungu. Alikufa hatujapatana. Sitaki mama mwingine apite pale. Njo maana ya article ya ine."

(Bulozi ni uchawi; bantu ba parcelle ni watu wa uani kwetu.)

Mimi hiyo habari ya bibi sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Nilijua tu kwamba upande wa baba hawaji kwetu Krismasi.

Gladys alisimama naye, polepole. Nilidhani atarudi nyuma. Hakurudi.

"Mama, pole sana. Lakini miye njo ule mutoto munasema asizaliwe. Niko hapa. Nimeshona hata hii robe umevaa."

Kweli, gauni la mama lilikuwa la Gladys. Walipogombana lilikuwa tayari limeshalipiwa.

Honorable akamgeukia mama.

"Mama Présidente, ninakuuliza kitu kimoja. Kama hii sheria yako ilikuwako wakati unaolewa? Bangekupima, weye na bwana yako, bourgmestre angewakataza. Ungefanya nini?"

Mama akanitazama. Mara ya kwanza kwa wiki nyingi ananitazama machoni. Nikaona anahesabu kitu kichwani, kisha anakiacha.

"Ningekimbia na baba yake," akasema. "Tungeenda kuoana kule Zambia."

Wakuu!

Papa Anselme alikuwa ameshainua mkono kwa motion, ukabaki hewani. Gladys akaziba mdomo kwa kitambaa. Honorable ndiye aliyeanza kucheka, kisha ofisi nzima, mpaka katibu akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Mama mwenyewe alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka huku machozi yanamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ni ya Nadine. Nadhani hata yeye hakujua.

Alipotulia akasema, taratibu, kama anajisemea:

"Lakini ningekimbia niko najua. Bangeniambia. Ile siku mikono inavimba, ningemupeleka ku hopitali, nisingegombana na muntu. Sikukosa muntu wa kunikataza. Nilikosa muntu wa kuniambia."

Honorable akachukua kalamu pale pale.

Kipengele cha nne kikaandikwa upya mezani, sote tumeinama juu yake. Kipimo kiwepo, kiwe bure, wanaotaka kuoana waelezwe na mtu anayejua, kisha waamue wenyewe. Bourgmestre kazi yake ni kufungisha. Papa Anselme ndiye aliyependekeza neno "wenyewe", na kwa mara ya kwanza motion yake ilipita bila mtu kuguna.

Kurudi nyumbani, baba kazima redio. Alishapigiwa simu na watu. Katuba habari hailali njiani. Akamsubiri mama akae.

"Eti ulisema ungenikimbiza Zambia?"

"Nilisema."

Baba akafikiri muda mrefu.

"Na passeport tungetosha wapi?"

"Ningekupitisha na samaki," mama akajibu, akaingia jikoni.

Baba alicheka peke yake mpaka akatoka nje kwenda kuvuta hewa.

Mpaka naandika hapa, pendekezo limepelekwa lakini bunge la mkoa halijalipigia kura. Tunasubiri na tunaendelea kuwasumbua. Vyama vimeungana. Ugomvi wa sasa hivi ni rangi ya T-shirt, na huo nahisi utatuzika.

Gladys ameolewa. Mama alikaa upande wa bibi harusi. Na Krismasi iliyopita shangazi zangu wa upande wa baba walikuja, wote watatu. Mama aliwaendea mwenyewe nyumbani kwao akawaomba wamsamehe kwa niaba ya marehemu mama yao. Walikula, wakabishana juu ya sombe ya nani ni tamu, wakaondoka na mabaki.

Nilichojifunza mimi: watu wa chama kimoja wakigombana mpaka kufukuzana, usikimbilie kusema ni njaa ya cheo. Chimba kidogo. Mara nyingi kuna mtu alizika, na mwingine anaogopa kuzikwa akiwa bado yuko hai, na wote wawili wana haki. Na ukiandika sheria ya kuwakataza watu jambo, jiweke kwanza wewe mwenyewe mbele ya yule bourgmestre, na yule uliyempenda amesimama pembeni yako, uone kama utatii.

Wenye SS humu, wenye watoto SS, mlioko Tanzania, Kenya, Zambia: kwenu mnapimwa kabla ya ndoa? Mlipoambiwa majibu mlifanya nini? Na wewe uliyetolewa kwenye group na ndugu yako wa damu, njoo tuliwazane hapa chini.

Matusi kwa mama yangu hayaruhusiwi. Hayo yana mwenyewe, na mwenyewe ni baba, naye hayatumii.